Mwani hautoi hidrojeni: anza na oksijeni kabla hujalaumu jeni

Chlamydomonas reinhardtii ni mwani wa kijani wa seli moja, wenye upana wa takriban mikromita 10, unaoishi kwenye udongo na maji baridi. Ndani yake kuna kimeng'enya kinachoitwa hidrojenesi. Mwani ukipata mwanga hupasua maji, elektroni zinazopatikana hupita kwenye protini ndogo ya feredoksini, kisha hidrojenesi huzikutanisha na protoni na kutoa gesi ya hidrojeni. Gesi hiyo ukiichoma unapata maji. Ndiyo sababu kazi hii inanivutia, na ndiyo sababu inaniuma kuona watu wakiiacha wiki ya pili kwa kasoro ambayo ingetengenezwa mchana mmoja.

Hans Gaffron na Jack Rubin walieleza tangu 1942 kwamba mwani unaweza kutoa hidrojeni kwenye mwanga. Lakini gesi ilitoka kwa muda mfupi tu, ikakatika. Kupasua maji kunatoa oksijeni, na oksijeni inaharibu hidrojenesi kiasi kwamba kimeng'enya kilichoguswa hakirudi tena kazini. Mwaka 2000 Anastasios Melis wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, pamoja na Maria Ghirardi, Michael Seibert na wenzao wa maabara ya taifa ya nishati jadidifu iliyoko Colorado, walitangaza njia ya kuzunguka kikwazo hicho: unyime mwani salfa. Bila salfa hauwezi kutengeneza sisteini na methionini, asidi amino zenye salfa zinazojenga protini, kwa hiyo hauwezi kuikarabati protini ya D1, ile inayochakaa haraka kuliko zote katika mtambo wa kupasua maji. Mtambo unapungua nguvu, upumuaji unaendelea, na baada ya takriban siku moja mwani unavuta oksijeni nyingi kuliko unayotoa. Chupa ikiwa imefungwa, oksijeni inaisha. Hapo hidrojenesi inaamka.

Karibu kila tatizo utakalokutana nalo linajibiwa na maswali mawili: oksijeni iko wapi, na elektroni zimekwenda wapi? Jeni mpya uliyoipandikiza ili kuongeza gesi ni ya mwisho kushukiwa, hata kama ndiyo iliyokugharimu miezi.

Chupa imefungwa siku mbili, mwani bado ni kijani kibichi, viputo vinapanda, lakini hidrojeni hakuna

Viputo hivyo ni oksijeni. Usivishangilie. Mwani wako haujui kwamba umenyimwa salfa, kwa sababu haujanyimwa.

Wengi hubadilisha salfeti ya magnesiamu kuwa kloridi ya magnesiamu wakadhani wamemaliza. Myeyusho wa lishe unaotumika sana, TAP, huongezewa mchanganyiko wa madini madogomadogo uliotayarishwa mapema, chupa ile ya rangi ya zambarau inayokaa kwenye friji miezi na miezi. Isome lebo yake. Kwenye fomula ya zamani ya Hutner, zinki huingia kama salfeti, shaba kama salfeti, chuma kama salfeti. Matone machache ya mchanganyiko huo yanatosha kuurudishia mwani salfa uliyodhani umeiondoa. Dawa ni kutayarisha mchanganyiko wa pili kwa kloridi tupu, uandike kwenye chupa kwa herufi kubwa, na uuweke mbali na ule wa kawaida.

Sababu nyingine ni kuosha kwa haraka. Seli zilizokuzwa kwenye lishe kamili hubeba salfeti kwenye maji yanayozizunguka. Zizungushe kwenye sentrifuji, umwage maji ya juu, uziloweke kwenye lishe isiyo na salfa, urudie. Mara moja haitoshi. Tatu ndiyo kiwango cha chini ninachokubali, tano ni bora. Zungusha kwa upole, maana seli hizi zina mikia miwili na aina nyingine za maabara hazina ukuta kabisa. Ukizikandamiza kwa nguvu zinapasuka, na utaona maji ya juu yana rangi ya kijani badala ya kuwa maangavu.

Halafu kuna vyombo. Glasi iliyosafishwa kwa asidi ya salfuriki au sabuni ya maabara na kusuuzwa haraka inabaki na mabaki. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa mpaka uchoke.

Ikiwa yote hayo ni sawa na oksijeni bado haishuki, punguza mwanga. Mwanga mkali sana mwanzoni unaufanya mtambo wa maji uushinde upumuaji kwa muda mrefu. Hakikisha pia kuna asetati ya kutosha, kwani hiyo ndiyo chakula cha upumuaji, na upumuaji ndio unaofagia oksijeni.

Kipimo kinaonyesha oksijeni imeisha, hidrojeni hakuna au ni chembe tu

Hapa ningeshuku mambo mawili kabla ya kushuku kiumbe: chombo na kipimo.

Hidrojeni ni molekuli ndogo kuliko zote. Inapita kwenye mpira wa silikoni bila shida, na oksijeni inaingia kwa njia hiyohiyo ikielekea ndani. Angalia mirija yako. Ikiwa ni ile laini inayong'aa na kupindika vizuri, huenda ndiyo mwizi. Tumia glasi inapowezekana, na vizibo vya mpira wa butili. Kizibo kilichotobolewa kwa sindano mara nyingi kinavuja hata kama macho hayaoni tundu. Kigeuze kwenye mwanga, ukikinyoosha kwa vidole, utaona mistari midogo imefunguka katikati.

Jaribio la kuvuja ni rahisi na watu hawalifanyi. Chukua chupa ileile, kizibo kilekile, maji matupu bila mwani. Ingiza kwa sindano kiasi unachokijua cha hidrojeni, pima papo hapo, iache usiku kucha, pima tena asubuhi. Kikipungua, umepata jibu na hujagusa seli hata moja.

Kuhusu kipimo: kromatografu nyingi za gesi, mashine zinazotenganisha gesi ili zipimwe moja moja, hutumia heliamu kubeba sampuli, na kigunduzi chake hupima tofauti ya upitishaji joto. Heliamu na hidrojeni zinapitisha joto kwa viwango vinavyokaribiana mno, kwa hiyo hidrojeni yako inapita mbele ya kigunduzi karibu bila kuonekana, au kilele kinatokea kimepinduka au kimegawanyika. Badili gesi ya kubebea iwe agoni. Nimeona mtu akitupa aina nzuri kabisa ya mwani kwa sababu ya mtungi wa heliamu, na hilo halikupaswa kutokea.

Maabara isiyo na kromatografu bado ina njia. Kusanya gesi kwenye silinda iliyojaa maji na kupinduliwa, uipitishe kwanza kwenye myeyusho wa sodiamu haidroksaidi ili unase kaboni dioksaidi, halafu usome ujazo. Utapata makadirio ya maana. Ila usisahau unashughulika na nini: hidrojeni huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, cheche ndogo isiyoonekana inatosha, na ndimi zake mchana hazionekani. Fungua madirisha, zima jiko la gesi la pembeni, na usikusanye zaidi ya unachohitaji kupima.

Chombo kikiwa salama na kipimo kikiwa salama, rudi kwa seli. Hidrojenesi haikai tayari muda wote. Jeni zake, HYDA1 na HYDA2, huamka oksijeni inapotoweka, na kimeng'enya hakikamiliki bila protini saidizi za HYDEF na HYDG zinazojenga kiini chake cha chuma. Hilo linachukua saa kadhaa. Ukipima mapema mno utasema hakuna kitu.

Inaanza vizuri, halafu inakatika mapema

Tujue kwanza mapema ni lini. Kwa aina ya kawaida iliyonyimwa salfa, utoaji hudumu siku tatu, nne, kisha hufifia. Huo si ugonjwa. Seli zimetumia wanga wake na protini zake, zimechoka, na ukizirudishia salfa kidogo kwenye mwanga na hewa zinapona na unaweza kuzirudisha kazini tena. Tatizo ni pale gesi inapokatika siku ya kwanza au ya pili.

Angalia pH. Mwani ukila asetati, pH hupanda. Majaribio ya Sergey Kosourov na wenzake yalionyesha kwamba utoaji ni mzuri zaidi pH ya kuanzia ikiwa karibu 7.7, na unaporomoka ukisogea sana upande wowote. Watu huanzia 7.2 kwa mazoea ya lishe ya kukuzia, wakati hatua ya gesi ina mahitaji yake.

Angalia nafasi iliyo juu ya kimiminika. Hidrojeni ikijaa pale na kukandamiza, hidrojenesi huanza kufanya kazi kinyumenyume, ikimeza gesi iliyokuwa inaitoa. Dalili yake ni mchoro unaopanda, unalala, kisha unashuka ilhali chupa haivuji. Acha nafasi kubwa zaidi ya gesi, isiyo na oksijeni, juu ya kimiminika, au ipitishe agoni kila baada ya muda kuisukuma gesi nje.

Na angalia wanga. Katika siku ya kwanza ya kunyimwa salfa seli hujijaza wanga kwa wingi, na baadaye sehemu ya elektroni za hidrojeni hutoka kwenye wanga huo. Seli zilizovunwa zikiwa zimezeeka, kwenye lishe iliyokwisha, hazina nguvu ya kuweka akiba. Vuna wakati bado zinagawanyika kwa kasi. Tone la iodini kwenye sampuli ndogo litakuambia mengi: seli zenye wanga hugeuka kuwa na weusi wa zambarau, zisizo nao hubaki na rangi ya kahawia ya iodini.

Aina iliyobadilishwa jeni inatoa gesi sawasawa na ile ya asili

Hapa ndipo penye uchungu zaidi, na ndipo ninapotaka kukaa.

Ukipandikiza jeni kwenye kiini cha Chlamydomonas, inajichomeka popote. Haiendi ulikoielekeza. Baadhi ya makoloni yatakuwa yamepokea kipande cha kinga dhidi ya dawa tu, paromomaisini au haigromaisini, na jeni yako imekatika njiani. Yatamea vizuri kwenye sahani yenye dawa na hayatakuwa na chochote ulichokusudia. Kwa hiyo kumea kwenye dawa si ushahidi. Pima DNA, pima RNA, na zaidi ya yote pima protini.

Hata jeni ikiingia nzima, mwani huu una tabia ya kuinyamazisha. Leo inafanya kazi, baada ya kuhamishwa sahani kadhaa imekaa kimya. Jenomu yake, yaani DNA yake yote, iliyochapishwa 2007, ina asilimia 64 hivi ya herufi za G na C, na jeni iliyoandikwa kwa mtindo wa bakteria au binadamu inaonekana ngeni humo. Andika upya jeni kwa kodoni (herufi tatutatu za jeni) zinazopendwa na mwani, iwekee introni ya RBCS2, kipande cha jeni ya mwani wenyewe kinachosaidia jeni isomwe, na tumia aina kama UVM4, ambayo Ralph Bock na wenzake waliichagua hasa kwa sababu hainyamazishi kwa ukali. Chunguza makoloni mengi, siyo matatu. Na yale yaliyofanya vizuri yagandishe mapema kwenye naitrojeni ya maji, usiyaache yakihamishwa sahani hadi sahani mpaka yakasahau.

Kwenye kloroplasti mambo ni tofauti. Huko jeni inakwenda unakoielekeza, lakini kloroplasti moja ina takriban nakala 80 za DNA yake. Nakala chache zikibadilika na nyingi zikibaki za zamani, tabia unayoitafuta haitaonekana, au itaonekana wiki mbili kisha irudi nyuma. Endelea kuhamisha kwenye dawa, hatua kwa hatua, mpaka kipimo cha PCR, kinachozidisha nakala za DNA ili zionekane, kisionyeshe hata mstari mwembamba wa nakala ya zamani.

Lakini inawezekana jeni ipo, protini ipo, na bado gesi haijaongezeka. Basi uliza swali la pili: elektroni zimekwenda wapi? Feredoksini inazigawa kama mfereji wa mlimani unaopita mashamba mengi, na shamba la juu hufungua maji kwanza. Shamba hilo la juu ni mzunguko wa Calvin, unaotengeneza sukari. Kuna pia njia ya mzunguko inayorudisha elektroni nyuma kwenye mtambo. Ukiongeza hidrojenesi maradufu huku mashamba ya juu yakiwa wazi, umeongeza mkulima wa mwisho ambaye maji hayamfikii.

Ushahidi bora wa jambo hili ni aina iitwayo stm6, iliyoelezwa 2005 na kundi la Olaf Kruse wa Bielefeld, Ujerumani, pamoja na Ben Hankamer wa Queensland, Australia. Jeni iliyovurugwa humo si ya hidrojenesi hata kidogo. Ni Moc1, inayohusika na mitokondria. Matokeo yake njia ya mzunguko ikazibwa, akiba ya wanga ikawa kubwa, na oksijeni iliyoyeyuka ikapungua. Aina hiyo ilitoa hidrojeni mara 5 hadi 13 kuliko ile iliyolinganishwa nayo, takriban mililita 540 kutoka lita moja katika siku 10 hadi 14. Mtu anayepanga mradi wa kubadilisha jeni aanze kwa kuitazama kazi hiyo kwa makini.

Njia nyingine ni kuiweka hidrojenesi kwenye chanzo chenyewe cha mfereji huo wa elektroni. Mwaka 2020 kundi la Kevin Redding wa Arizona State University lilionyesha mwani ambao hidrojenesi yake imeunganishwa moja kwa moja na fotosistemu ya kwanza, mtambo wa mwanga unaoikabidhi feredoksini elektroni, elektroni zikiingia humo bila kusubiri mgao wa feredoksini, na gesi ikaendelea kwa siku kadhaa. Nako huko Turku, Finland, Kosourov na Yagut Allahverdiyeva walipata gesi bila kubadilisha jeni wala kunyima salfa: walimulika mwani kwa sekunde 1, giza sekunde 9, tena na tena, ili mzunguko wa Calvin usipate muda wa kuamka. Kama una taa ya LED na kidhibiti cha bei nafuu, jaribu hilo kwenye aina yako ya asili sambamba na ile uliyoibadilisha. Ikiwa mimweko inainua ya asili na haiinui yako, shida iko kwenye jeni. Ikiinua zote mbili, shida ilikuwa mgao wa elektroni.

Gesi ni nyingi kupita matarajio

Furaha isikuzidi. Kuna bakteria wanaotoa hidrojeni kwa kuchachusha, wakiwa gizani, bila klorofili hata chembe, na lishe yenye asetati ni karamu kwa viumbe vya kila aina. Funika chupa moja kwa karatasi ya alumini. Ikiendelea kutoa gesi kwa kasi ileile, si mwani unaoitoa. Weka DCMU kwenye nyingine, dawa inayozuia mtambo wa maji. Gesi inapaswa kushuka, na kinachobaki ni kile kinachotoka kwenye wanga. Tandaza tone kwenye sahani ya lishe ya bakteria, kisha tazama chini ya hadubini. Harufu ya kuoza ukifungua kizibo inamaliza mjadala.

Wapo pia bakteria wanaokula hidrojeni. Hao huleta dalili ya kinyume, na hutambulika kwa jaribio lilelile la chupa iliyoingizwa gesi kwa sindano, safari hii ukitumia kimiminika chako badala ya maji.

Chupa ndogo inafanya kazi, kubwa haifanyi

Mwanga hauingii. Mwani wa asili una antena kubwa za klorofili, zinazonasa mwanga mwingi kuliko unavyoweza kutumia. Seli za ukingoni zinashiba na kutupa ziada kama joto, za katikati zinakaa gizani. Jua kali la mchana hufika mikromoli 2000 za fotoni (chembe za mwanga) kwa mita ya mraba kwa sekunde, na seli za juu hazitumii hata nusu yake. Melis alilishughulikia hili kwa aina ya tla1, yenye antena zilizopunguzwa, ili mwanga upenye chini. Kwa asiye na aina hiyo, chombo kiwe bapa na chembamba, sentimita chache tu, kimulikwe pande zote mbili, na kitikiswe taratibu.

Joto nalo. Mwani huu hupenda nyuzi 25 hivi. Chupa iliyofungwa ikiwekwa juani Dar es Salaam au Mombasa saa saba mchana itapita mbali zaidi ya hapo, kwa hiyo fanyia kazi ndani, au zungushia chombo koti la maji. Kufanyia ndani kuna sababu ya pili: kiumbe kilichobadilishwa jeni hakitolewi nje bila kibali. Kenya ina Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009 na mamlaka yake, Tanzania ina kanuni za mwaka huohuo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Kila kimiminika kilichotumika, hata maji ya kuoshea, kipite kwenye otoklevu, chungu cha mvuke wa shinikizo kinachoua viumbe, kabla ya kumwagwa.

Kabla hujapanga tangi, piga hesabu. Mililita 540 za hidrojeni zina nishati ya wati-saa 1.6 hivi, takriban sehemu ya kumi ya betri ya simu, kabla ya hasara ya kuigeuza kuwa umeme. Kilo moja ya hidrojeni, yenye kilowati-saa 33, kwa kiwango cha stm6 ingehitaji zaidi ya lita 20,000 za mwani kwa wiki mbili. Kwa hiyo ukipata ongezeko la mara mbili, andika kwa ukamilifu ni mara mbili ya nini: kwa lita, kwa miligramu ya klorofili, au kwa mita ya mraba ya mwanga. Aina yenye klorofili kidogo huonekana bingwa kwa kipimo cha klorofili, ilhali kwa lita haijazidi kitu. Toa vipimo vyote vitatu, na uandike pia ukubwa wa nafasi ya gesi juu ya kimiminika, ili mwenzako wa maabara nyingine aweze kurudia ulichofanya.